Wafaransa wana Chablis, sisi tuna Wajir: Maziwa ya ngamia yapewe jina

Juzi jioni, baada ya swala ya Magharibi, tulikuwa tumeketi kwenye kibanda cha chai hapa Garissa, si mbali na Soko Mugdi. Kila mtu na simu yake. Rafiki yangu mmoja, aliyemaliza chuo na bado anasaka kazi, akanigusa bega: "Warya, hebu ona maisha ya watu."

Kwenye klipu, dada mmoja alikuwa anatembea katika kijiji cha Ufaransa kiitwacho Chablis. Nyumba za mawe, mto mdogo unapita kati, vilima vimejaa mizabibu. Anaingia nyumba hii, anaonjeshwa mvinyo mweupe. Anaenda ile, anaonjeshwa mwingine, na mwenyewe anamweleza udongo wa shamba lake kama mtu anayesifu mtoto wake. Kila kituo analipa.

Rafiki yangu akazima simu na kupuliza chai yake. "Sisi tuna nini? Jua na vumbi."

Nilicheka, lakini usiku ule sikulala vizuri. Manake nilikuwa najua jibu na sikulisema.

Niseme mapema ili tusisumbuane: mimi ni Mwislamu, mvinyo sinywi na sina mpango wa kuanza. Sikuombi wewe pia uunywe. Ninachotaka tuibe kwa Wafaransa si chupa. Ni akili iliyo kwenye lebo ya hiyo chupa.

Hebu tuangalie hiyo Chablis yenyewe. Ni mji mdogo sana, wakazi kama 2,000 hivi, kilomita 180 kusini mashariki mwa Paris. Hapo hutengenezwa mvinyo mweupe wa aina moja ya zabibu tu, Chardonnay. Zabibu hiyo hukua hata Afrika Kusini na Marekani, kwa hivyo siri si zabibu. Wenyeji watakwambia siri ni ardhi: mawe ya chokaa yenye umri wa miaka milioni 150 hivi, yaliyojaa maganda ya chaza wadogo, kwa sababu zamani pale palikuwa bahari. Mnywaji anaambiwa kwamba ladha ya mahali imo ndani ya glasi.

Usidhani walizaliwa matajiri. Mwishoni mwa karne ya 19 kidudu kilishambulia mizizi ya mizabibu, na reli ikaleta mvinyo wa bei ya chini kutoka kusini. Mashamba yakafa moja baada ya jingine. Juni 1940 mji wenyewe ukadondoshewa mabomu. Kufikia miaka ya 1950 zilibaki kama hekta 500 tu. Leo ni zaidi ya hekta 5,000.

Kabla ya vita walikuwa wamefanya jambo moja la maana: mwaka 1938 walipata ulinzi wa sheria juu ya jina lao. Nchini Ufaransa, huwezi kuita mvinyo wako Chablis kama zabibu hazikutoka Chablis na vijiji vilivyo jirani yake. Biashara ilipofufuka, jina lilikuwa linawangoja.

Sasa rudi nyumbani.

Sisi pia tuna kinywaji cheupe, tena cha halali. Kila alfajiri, kuanzia Ijara hadi Mandera, mtu anasimama kwa mguu mmoja ubavuni mwa ngamia, mguu wa pili umekunjwa, chombo kimekaa juu ya paja. Kwanza mtoto wa ngamia ananyonya kidogo ili mama ateremshe maziwa. Halafu ni mbio, kwa sababu maziwa huteremka kwa muda mfupi tu, dakika moja au moja na nusu. Ndiyo maana mara nyingi wanakamua wawili, mmoja kila upande. Ukichelewa, ngamia amefunga duka.

Maziwa hayo yana vitamini C mara tatu hivi kuliko ya ng'ombe. Na ladha yake, ndugu yangu, si moja. Ngamia aliyekula vichaka vya chumvi hutoa maziwa yenye uchumvi kidogo. Aliyekula majani mengine baada ya mvua hutoa maziwa matamu zaidi. Ayeyo yangu alikuwa anaonja mara moja na kukwambia mifugo ya nani imehamia wapi. Mfaransa akifanya hivyo analipwa mshahara na kuitwa mtaalamu. Ayeyo aliitwa ayeyo tu.

Halafu kuna susa, yale maziwa yanayoachwa yachache yenyewe kwa siku moja au mbili. Kabla ya kuwekwa maziwa, chombo hufukizwa kwa moshi wa kuni za miti maalumu. Moshi ule unasafisha, unahifadhi, na unaacha harufu ambayo mtu wa Garissa akiinusa akiwa Minneapolis anaweza kutokwa na machozi. Mti gani unafaa na upi unaharibu, hiyo ni elimu. Haikuandikwa popote kwenye pakiti, imo vichwani mwa mama zetu.

Na kijiji cha historia je? Panda gari hapa Garissa, uelekee kaskazini kupitia Modogashe na Habaswein. Ni zaidi ya kilomita 300 hadi Wajir, na njiani utakutana na ngamia wengi kuliko magari. Ukifika, nenda Orahey. Pale, katikati ya mji, kuna visima ambavyo wafugaji wamekuwa wakinyweshea mifugo tangu kabla ya mkoloni. Inaelezwa kwamba jina Wajir lenyewe linatokana na neno la Kiborana lenye maana ya kukutana pamoja. Maji ndiyo yaliyowakutanisha watu, na wakati mwingine ndiyo yaliyowagombanisha.

Waingereza nao walikuja wakajenga ngome. Maafisa wao, wakiwa jangwani mamia ya kilomita kutoka bahari yoyote, wakaanzisha kilabu wakakiita Royal Wajir Yacht Club. Kilabu cha mashua, Wajir! Ukitaka kichekesho cha kumsimulia mgeni, unacho. Ukitaka historia nzito, unayo pia: Juni 1940, mwezi ule ule Chablis ilipopigwa mabomu, ndege za Italia zilipiga Wajir. Na kama mgeni ana moyo wa kusikiliza, kuna uwanja wa ndege wa Wagalla, mahali wanaume wetu walipokusanywa na kuuawa na vyombo vya dola Februari 1984. Mji wenye historia hauonyeshi harusi zake tu. Unaonyesha na makaburi.

Kwa hivyo kinywaji tunacho, ladha ya mahali tunayo, mji wa kale tunao. Tunachokosa ni nini?

Jina.

Nenda asubuhi mahali akina mama wanapokusanyia maziwa. Kila mmoja analeta lita zake chache kwenye mtungi wa plastiki wa njano, ule uliowahi kubeba mafuta ya kupikia. Yanamiminwa pamoja, yanapandishwa basi, yanashuka Eastleigh. Kule yanaitwa tu "maziwa ya ngamia". Ya nani? Kutoka wapi? Mnunuzi hajui na haulizi. Na kitu kisicho na anwani, dalali ndiye anayekipangia bei. Mama aliyefukiza chombo kwa ustadi analipwa sawa na aliyeongeza maji. Sasa ustadi una faida gani?

Chablis wenyewe walionja uchungu huo. Kwa miaka mingi kampuni za California ziliuza mvinyo wowote mweupe wa bei rahisi kwa jina la Chablis. Hata zabibu ya Chardonnay haikuwa lazima iwemo. Mpaka leo kuna Wamarekani wa rika la babu zetu wanaodhani Chablis ni mvinyo wa bei poa, si mahali. Na hao walikuwa na sheria tayari nyumbani kwao. Sisi tusio na chochote tunangoja nini? Siku moja utaona pakiti safi kwenye rafu ya duka kubwa Ulaya au Ghuba, picha ya ngamia, neno "susa" kwa herufi za dhahabu, na ndani ya mnyororo huo wote hakuna mtu hata mmoja wa Wajir.

Waafrika wenzetu wameamka. Ethiopia ilianza mwaka 2005 kudai haki ya majina ya kahawa yake, Sidamo, Harar na Yirgacheffe. Ikavutana na Starbucks, na mwaka 2007 wakafikia makubaliano. Cameroon mwaka 2013 ilisajili pilipili ya Penja, na asali nyeupe ya Oku pia. Asali na pilipili, jamani. Nani alisema ni lazima iwe mvinyo?

Najua mtaniambia nini, kwa sababu rafiki yangu wa kibandani alishaniambia yote.

La kwanza: usalama. Tusidanganyane, hili ni la kweli. Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, hapa hapa mjini, wengi wao vijana wa umri wetu. Jeraha hilo halifutwi na matangazo ya utalii. Nchi za Magharibi bado zinawaonya raia wao wasije kaunti zetu. Sawa, tusianze na hao. Tuanze na Mkenya wa Nairobi ambaye hajawahi kuvuka daraja la Tana. Tuanze na binamu zetu wa Eastleigh, London na Minneapolis wanaokuja likizo, wanakaa wiki tatu wakila mbuzi kwa shangazi, halafu wanarudi bila kuona hata kisima cha Orahey. Hao pesa wanazo, lugha wanayo, na usalama wa eneo wanaujua kuliko balozi yoyote.

La pili: usafi. Maziwa mabichi yanaweza kukupa homa ya bruselosi, na joto la Garissa halina huruma kwa mtungi wa plastiki. Kweli kabisa. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuwa na jina, wala si ya kulikosa. Jina huja na masharti: maziwa yachemshwe au yapashwe joto kitaalamu, chombo kiwe hiki, yapoe ndani ya muda huu, anayeongeza maji atoke kwenye kikundi. Pale Isiolo, akina mama wa ushirika wa Anolei wameonyesha kwamba wafugaji wanaweza kujipanga, wakakusanya maziwa na kuyafikisha Eastleigh. Hatuanzi kutoka sifuri.

La tatu: ukame na barabara. Misimu ya mvua ilikosekana mfululizo kuanzia 2020, kisha Novemba 2023 mafuriko yakakata barabara ya kwenda Nairobi. Maziwa yaliyokwama njiani ni hasara ya mama, si ya dalali. Hapa sina jibu la kijanja. Ila najua ngamia ndiye aliyebaki amesimama ng'ombe walipoanguka, na ndiyo maana familia nyingi zinahamia kwake. Tukitaka kujenga kitu kitakachostahimili hali hii ya hewa, tujenge juu ya mgongo wake.

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu, na hakuna linalohitaji muujiza.

Moja, kaunti za Garissa, Wajir na Mandera ziandikishe elimu ya susa. Sheria ya kulinda maarifa ya jadi ilipitishwa mwaka 2016 na inazipa serikali za kaunti jukumu la kuweka rejista. Waheshimiwa, hilo daftari liko wapi? Vijana tuliosoma na hatuna kazi tutaenda kuwahoji wazee bila kuomba posho ya safari za ng'ambo.

Mbili, vikundi vya akina mama visajili jina la mahali kama alama yao ya pamoja. Sheria ya alama za biashara inaruhusu. "Susa ya Wajir" ikiwa mali ya kikundi, dalali hawezi kuibandika kwenye maziwa yaliyotoka kwingine.

Tatu ni letu sisi. Yule dada wa klipu hakutumwa na serikali ya Ufaransa, alikuwa na simu tu. Sisi pia tunazo. Onyesha alfajiri ya kukamua, mwombe mwenye ngamia ruhusa kwanza, na umlipe. Onyesha chombo kikifukizwa, visima vya Orahey, twiga wa Bour-Algi wanaotembea kilomita chache tu kutoka mjini. Taja majina ya mahali kila mara. Usiseme "kaskazini mwa Kenya" kana kwamba ni shimo moja kubwa.

Mkoloni alilifunga eneo hili kwa sheria tangu mwaka 1902, mtu akahitaji kibali kuingia na kutoka. Sheria ile ilikwisha, ila kuna kufuli nyingine iliyobaki vichwani, ile inayomfanya kijana wa Garissa aangalie kijiji cha watu 2,000 Ufaransa na kuona aibu ya kwao.

Jana nilirudi kwenye kile kibanda. Rafiki yangu aliagiza chai ya maziwa ya ngamia kama kawaida. Kabla hajanywa nikamuuliza mwenye kibanda haya maziwa yametoka wapi. Mama akashangaa kidogo, akasema hakuna mteja aliyewahi kumuuliza. Halafu akaweka birika chini, akaanza kueleza. Alieleza mpaka chai zetu zikapoa.

Kesho ukinywa yako, wewe pia uliza.