Pikipiki Hainunuliwi kwa Macho

Msomaji, usinicheke. Mwezi uliopita mimi, mtu niliyepita hamsini na mvi zangu hazifichiki, nilionekana nikikatiza soko la Keringet juu ya pikipiki, kanzu nimeipandisha hadi magotini, kofia yangu ya vito i mfukoni, na kichwani nimevikwa kofia ngumu ya kuazima iliyonibana masikio hata nikawa sisikii salamu za watu. Wala sikupanda pikipiki moja. Nilipanda tano, kwa siku nne, na zote si zangu. Kisa chake ni hiki.

Marehemu kaka yangu aliacha minazi Takaungu. Ilipogawanywa mirathi, fungu la mwanawe liliuzwa kwa ridhaa yake na fedha zikawekwa kwangu amana. Kijana mwenyewe hayuko pwani. Alitoka Kongowea siku nyingi akifuata lori la viazi, akafika Kuresoi, upande ule wa kaunti ya Nakuru unaopakana na msitu wa Mau, na huko akabaki. Sisi watu wa pwani jina la Kuresoi tulilijua kwa magazeti, mwaka 1992 na tena mwaka 2008, na halikuwa likitajwa kwa heri. Aendaye leo atakuta viazi, maziwa, chai, na ukungu wa asubuhi uingiao hadi kwenye mfupa. Kijana hununua viazi mashambani akavitoa hadi barabara ya lami, na kila siku humlipa mwenye pikipiki amchukulie. Ujira huo ndio unaomla. Akanipigia simu: "Ami, nipe haki yangu ninunue pikipiki."

Sikuwa na hoja ya kumkatalia. Ila nilipofika Keringet nilikuta moyo wake umekwisha kwenda. Alikuwa ameona kruza.

Kwa asiyeijua, kruza ni ile pikipiki ya kujinyoosha: kiti kiko chini mithili ya mbuzi ya kukunia nazi, usukani ni mpana na umerudi nyuma kumlaki mpandaji, miguu hutangulia mbele, na tangi la mafuta limechongwa kama tone la maji. Umbo hili ni la Marekani, nchi ya Harley-Davidson walioanza kazi yao mjini Milwaukee mwaka 1903, nchi ambayo mtu aweza kushika barabara moja asubuhi na jua likamchwea hajaona kona ya maana. Siku hizi Wahindi, Wachina na Wajapani hutengeneza zilizo ndogo, za injini ya 150 hadi 250, na hizo ndizo zinazomfikia mtu wa mfuko wa kawaida.

"Ami, mtu akiikalia hii ni bwana," aliniambia.

"Bwana wa nani, mwanangu?"

Akacheka, hakunijibu.

Tukateremka hadi Nakuru mjini, kwenye duka moja lenye vioo vitupu na pikipiki zinazong'aa kama meno ya bibi harusi. Tukaikuta kruza. Kijana wa duka akaturuhusu kuikalia. Nilipoomba tuiwashe twende nayo hadi mwisho wa mtaa, alinitazama kama mtu niliyeomba kumwoa mama yake. "Shekhe, ukishalipa utaipanda mpaka uchoke." Nikamuuliza, nikishalipa halafu nikaona hainifai? Akasema hapo itakuwa yangu. Pikipiki mpya, hata ile ya kawaida kabisa, hupita shilingi laki moja, na hii ya kujinyoosha ni zaidi. Na mtu atakiwa aitoe fedha hiyo kwa kukalia kiti na kushika usukani!

Hapa nataka kusema neno langu. Tumezoea kudhani kwamba kujaribu kitu kabla ya kukinunua ni hisani ya muuzaji. Si hisani, ni haki. Sisi tuliokaa chuoni tukasomeshwa mlango wa biashara katika kitabu cha Abu Shujaa tunajua kuwa muuzaji na mnunuzi kila mmoja ana hiari maadamu hawajaachana pale walipouziana, na kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii wanaweza kushurutishiana hiari hiyo hadi siku tatu. Mnunuzi akiona aibu iliyofichwa, anayo haki ya kurejesha. Neno lenyewe hili la hiari tunalitumia kutwa kucha, mtu akijitolea twasema amefanya kwa hiari, na tumesahau kuwa sokoni lilikuwa na meno.

Wazee wetu hawakusahau. Marehemu baba hakupata kununua dau lililolazwa mchanga. Atalisukuma majini, alitie mawe tumboni kiasi cha mzigo wa kawaida, atweke tanga na kutoka nalo nje ya mwamba, na akirudi huinama kutazama limeingiza maji kiasi gani. Hapo ndipo bei ilipoanza kuzungumzwa. Na Lamu, mnunuzi wa punda humpakia kwanza. Sasa imekuwaje sisi tuliokuwa hatununui punda bila kumpakia, tununue chombo cha moto tunachokipakia roho zetu kwa kukitazama tu dukani? Huko ni kuuziwa mbuzi ndani ya gunia.

Basi tukarudi Keringet na tukafanya tulivyojua. Watu wa kule, Mungu awalipe, hawakutusumbua. Tuliyemlipia mafuta alitupa ufunguo. Mimi nilikuwa na Honda ya 50 nilipokuwa mwandishi mchanga Mombasa, kwa hivyo gia na klachi si ugeni kwangu, ingawa magoti yamekuwa na maoni yao.

Ya kwanza tuliyoijaribu ilikuwa kruza ya mkandarasi mmoja, na lazima niseme kweli: niliipenda. Nilikaa, nyayo zangu mbili zikatua chini zote, jambo ambalo kwa mtu mfupi mwenye magoti mabovu si dogo. Kwenye lami ya kuelekea Molo ilikwenda kwa utulivu, mgongo umetua, sauti yake nene isiyo na haraka. Nilielewa kijana alichokiona. Kwa dakika kumi nilikuwa bwana, sijui wa nani.

Kisha tukaacha lami. Usiku ilikuwa imenyesha. Njia za mashambani Kuresoi hukatwa mifereji na magurudumu ya matrekta na malori ya viazi, na udongo wake mzito, uliolowa, huteleza kama sabuni. Kruza iko chini, na tumbo lake likaanza kugusa matuta ya katikati. Tena miguu ikiwa mbele, huwezi kusimama juu ya vikanyagio ukainua mwili shimo linapokuja; kila pigo lapanda uti wa mgongo hadi kwenye meno. Nilipotaka kugeuza, urefu wake ulinidai njia nzima. Nikaanguka, kwa utaratibu, ubavuni mwa shamba la viazi. Chombo kina zaidi ya kilo 150, na ilibidi tukiinue watu watatu, mmoja wao mama aliyekuwa akipita na mtungi wa maziwa.

Kruza ya pili ilikuwa ndogo, ya 150. Hii haikuniangusha, ila ilichoka. Kuresoi iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini ya kabureta hupoteza pale yapata moja ya tano ya nguvu iliyo nayo Mombasa. Tulipofunga nyuma gunia la kilo 50, kiti chake kilichopinda kikalisogeza nyuma ya gurudumu, mbele kukawa kwepesi, na usukani ukawa unaambiwa hausikii. Kijana alishuka mwenyewe bila kuambiwa. Hakusema kitu.

Ya tatu ilikuwa Yamaha AG 100 ya bwana shamba mstaafu, chombo kilichobuniwa kwa kazi ya shamba: keria mbele na nyuma, cheni imefunikwa isile tope. Kwa njia zile hakuna iliyoishinda. Lakini ni kizee, na mwenyewe hakutaka kuiuza kwa bei yoyote. Alitupandisha atuoneshe tu, kama mtu anayemleta mjukuu wake hafidhi asome mbele ya wageni.

Zilizobaki ni zile zinazoijaza nchi: Bajaj Boxer na TVS, pikipiki za Kihindi zilizozagaa hasa baada ya mwaka 2008, serikali ilipoziondolea pikipiki zisizofika 250 kodi ya ongezeko la thamani. Hizo ndizo zilizolitwaa jina la bodaboda, lililozaliwa mpakani Busia enzi za baiskeli. Hazina sura ya kuimbiwa. Kiti ni kirefu na kimenyooka, miguu iko chini yako, tumbo liko juu ya matuta, na fundi yuko kila kituo. Gunia lilikaa. Mlima tukaupanda, polepole. Kati ya hizo mbili kijana alichagua moja, na siitaji ipi, watu wasije wakasema nimelipwa.

Ilikuwa ya mkono wa pili, ya mwalimu wa shule jirani. Nikamwambia mwalimu kuwa twaitaka kwa sharti la siku tatu: fedha ziwekwe kwa mtu tunayemwamini sote, kijana aende kazini nayo, na siku ya tatu aseme ndiyo au arejeshe, na akiivunja ni juu yake. Nilijitayarisha kwa mjadala mrefu na hoja zangu za kitabuni. Mwalimu, ambaye si wa dini yetu, akasema, "Mzee, mbona hilo ni haki tu," akachukua kalamu akaandika mwenyewe, na majirani wawili wakatia sahihi.

Siku ya pili cheni ikaruka kwenye mteremko, gunia likiwa mgongoni. Kijana hakuumia, alhamdulillahi. Fundi alipofungua akatuonesha gurudumu dogo la meno linalovuta cheni: meno yamelika kwa uzee yakawa kama miba. Aibu hiyo hakuna ambaye angeiona kwa kuikalia pikipiki dukani wala kwa kuizungusha mtaani. Mwalimu naye hakuijua, maana yeye alikuwa akiipakia vitabu. Akalipa cheni mpya na meno yake, na siku ya tatu, baada ya alasiri, tukampa fedha zake zilizotoka kwenye minazi ya Takaungu.

Nilirudi pwani kwa basi. Njiani baada ya Mariakani, barabara iliponyooka na joto likaanza kunikumbatia, nilijikuta nawaza juu ya lami ya kwenda Malindi, upepo wa kusi, na usukani mpana unaokujia mwenyewe mkononi. Juzi kijana alinipigia simu. Viazi vinakwenda, pikipiki haijambo, ameanza kuweka akiba. Kabla ya kukata akasita kidogo.

"Ami, ile kruza ya mkandarasi bado haijauzwa."

Nikamuuliza wanataka ngapi.