Njia ya Tabora: Hofu iko porini, hatari iko barabarani

Na Mwandishi Wetu, Tabora

OKTOBA mosi, 2023, mabasi ya abiria yaliruhusiwa tena kusafiri usiku nchini, baada ya marufuku iliyokuwapo tangu miaka ya 1990. Kwa mkazi wa Dar es Salaam anayekwenda Morogoro, uamuzi huo haukubadili mambo mengi. Kwa anayekwenda Tabora, Urambo, Kaliua au Kigoma, ulibadili safari nzima, kwa kuwa mji wa Tabora uko zaidi ya kilomita 800 kutoka Pwani na sehemu kubwa ya njia hiyo hupita katika nyika na misitu ya miombo.

Ruhusa hiyo imerudisha swali ambalo limeulizwa kuhusu njia hii kwa zaidi ya miaka 150: je, ni salama? Wengi wanaouliza huwa wanamfikiria jambazi mwenye bunduki aliyejificha kwenye kona ya pori. Hofu hiyo ina chanzo, kwani utekaji wa mabasi ulikuwa sababu mojawapo ya marufuku ile, pamoja na ajali. Hata hivyo, ukifuatilia yaliyotokea katika ukanda huu kwa miongo miwili iliyopita, utabaini kuwa yanayogharimu maisha ya wasafiri na wakazi ni mambo ya kawaida zaidi: mwendo kasi, makutano ya reli, homa ya malaria na uvumi wa kijijini.

Hongo na Mgunda Mkali

Katika karne ya 19, msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ulikabiliwa na mwendo wa takriban kilomita 1,200. Mizigo ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja akiwa na kilo 30 au zaidi begani. Kabla ya kufika Unyanyembe, ambako ndiko Tabora ilipo, msafara ulipaswa kuvuka maeneo mawili yaliyoogopwa na kila kiongozi wa safari: Ugogo na Mgunda Mkali.

Ugogo, watawala wa huko walimiliki visima na chakula, hivyo walidai hongo. Wakati ule hongo ilikuwa ushuru wa kupita, uliolipwa hadharani kwa nguo, shanga na waya baada ya majadiliano ambayo yangeweza kuchukua siku kadhaa. Aliyelipa alipata maji, chakula na njia. Neno hilo limebaki lakini maana yake imegeuka. Hongo ya leo hutolewa kwa siri, na humpa mlipaji ruhusa ya kukiuka sheria iliyowekwa kumlinda abiria.

Mgunda Mkali ilikuwa nyika kavu kati ya Ugogo na Unyamwezi, katika maeneo yanayotoka Itigi kuelekea Tura. Huko hapakuwa na mtawala wa kulipwa. Palikuwa na kiu, na msafara uliochelewa kufika kwenye maji uliacha watu njiani.

Vita navyo vilifunga njia. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo aliingia katika mapambano na wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe, na sehemu ya Tabora ikachomwa moto. Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta David Livingstone, alijikuta amekwama Kwihara, nje kidogo ya Tabora. Alilazimika kuzunguka kusini kupitia Ugunda ndipo akafika Ujiji. Njia ilipofunguka tena katikati ya miaka ya 1870, si kwamba upande mmoja ulikuwa umeushinda mwingine kwa bunduki. Vita vilikuwa vimezichosha pande zote, na kila upande ulihitaji biashara ipite.

Lami imefika, ajali nazo

Leo sura ya njia hiyo imebadilika kiasi ambacho mpagazi wa zamani asingeitambua. Kipande cha Nyahua hadi Chaya, chenye urefu wa kilomita 85.4, kilichokuwa kimebaki bila lami katika barabara ya Manyoni, Itigi hadi Tabora, kilizinduliwa mwaka 2022. Mwaka huo huo ilizinduliwa barabara ya Tabora, Koga hadi Mpanda, yenye kilomita zaidi ya 340. Upande wa magharibi, Mto Malagarasi, ambao misafara ilivuka kwa mitumbwi baada ya kuwalipa wavushaji wa Uvinza, sasa unavukwa kwa Daraja la Kikwete.

Mgunda Mkali ya zamani inavukwa kwa saa chache, na hapo ndipo lilipo tatizo jipya. Barabara iliyonyooka, yenye vijiji vilivyotawanyika na magari machache, humshawishi dereva kuongeza mwendo. Kisheria basi la abiria halitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na katika makazi ni kilomita 50. Lakini katika barabara hiyo hiyo yumo mkokoteni wa ng'ombe, baiskeli iliyobeba magunia ya mkaa, bodaboda isiyo na taa na kundi la mifugo linalovuka jioni. Usiku, vyote hivyo huonekana vikiwa karibu mno.

Ndiyo maana ruhusa ya mwaka 2023 ilikuja na masharti. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) inasisitiza mabasi kuwa na vifaa vya kufuatilia mwenendo wa gari, dereva kutambuliwa kwa kitufe maalumu kabla ya kuendesha, na safari inayozidi saa nane kuwa na madereva wawili. Masharti hayo ni mazuri kwenye karatasi. Yanapata uzito pale tu yanaposimamiwa saa nane za usiku, mbali na kituo kikubwa, ambako askari na dereva wako wawili na hongo ya aina ya leo inaweza kumaliza mazungumzo.

Novemba 29, 2023, takriban miezi miwili baada ya mabasi kuruhusiwa usiku, basi liligongana na treni katika eneo la Manyoni mkoani Singida na watu 13 walipoteza maisha. Reli na barabara katika ukanda huu hufuatana kwa mamia ya kilomita, na kila zinapokutana usalama hutegemea dereva kusimama na kutazama.

Wapo wanaoona kuwa treni ndiyo jibu. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kwa wananchi wengi wa kipato cha chini imebaki kuwa usafiri wa kutegemewa. Lakini reli nayo ina kumbukumbu zake. Juni 24, 2002, treni ya abiria ilishindwa kupanda mlima katika eneo la Igandu, mkoani Dodoma, ikarudi nyuma kwa kasi na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walifariki dunia. Juni 2022, treni iliyotoka Kigoma ilianguka Malolo, karibu na mji wa Tabora, na watu wanne walifariki. Reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, imepangwa kupita Tabora hadi Mwanza na Kigoma. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022.

Bunduki na sungusungu

Ujambazi wa silaha haukuwa hadithi. Baada ya Vita vya Kagera kumalizika mwaka 1979, bunduki zilisambaa na wizi wa mifugo ukawa wa kutisha katika mikoa ya Tabora na Shinyanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wasukuma na Wanyamwezi wa maeneo ya Kahama na Nzega walianzisha sungusungu, jeshi la jadi la wanakijiji waliolinda kwa pinde na mishale. Serikali ililitambua kisheria mwaka 1989.

Upande wa Kigoma, vita vya Burundi na Kongo viliongeza mzigo. Kwa miaka mingi mabasi yaliyopita Kasulu, Kibondo na Nyakanazi yalisindikizwa na polisi wenye silaha, na wakimbizi wakalaumiwa kwa kila tukio. Lawama hiyo ya jumla haikuwa ya haki. Warundi waliokimbia mwaka 1972 na kupewa makazi Ulyankulu mkoani Tabora, pamoja na Katumba na Mishamo, waligeuka kuwa wakulima wa kutegemewa, na mwaka 2014 wapatao 162,000 kati yao walikuwa wamepewa uraia wa Tanzania.

Sungusungu nao waliacha somo lenye pande mbili. Walirudisha mifugo na usingizi wa watu. Lakini pia walilalamikiwa kwa kutesa na kuua washukiwa bila kuwafikisha mahakamani, wakiwamo wanawake waliotuhumiwa uchawi. Ulinzi usio na hakimu ulimpa usalama mwenye ng'ombe na kumnyima bibi kizee wa jirani.

Uvumi unaoua

Hapa ndipo mjadala wa usalama unapopaswa kuvuka habari za barabara. Oktoba 2016, watafiti wawili wa Kituo cha Utafiti wa Kilimo Selian cha Arusha na dereva wao waliuawa na wanakijiji wa Iringa Mvumi, wilayani Chamwino mkoani Dodoma. Walikuwa wamekwenda kuchukua sampuli za udongo, ukaenea uvumi kuwa ni wanyonya damu. Kijiji hicho kimo katika Ugogo ile ile ambako zamani mgeni alilipa hongo, akajulikana na kupita.

Wenyeji wenyewe hawako salama zaidi. Katika Unyamwezi na Usukuma, wanawake wazee wameuawa kwa sababu tu macho yao ni mekundu, wekundu ambao kwa wengi unatokana na miaka mingi ya kupikia kuni na kinyesi cha ng'ombe. Uchunguzi wa mchumi Edward Miguel uliochapishwa mwaka 2005, uliofanywa Meatu, ulionyesha kuwa mauaji ya wanaotuhumiwa uchawi yaliongezeka mara mbili katika miaka ya ukame au mafuriko. Njaa ikiingia, hutafutwa wa kulaumiwa. Watu wenye ualbino nao waliwindwa kuanzia miaka ya 2006 na 2007 kutokana na imani kuwa viungo vyao huleta utajiri. Serikali ilipiga marufuku waganga wa kienyeji mwaka 2009 na tena mwaka 2015.

Msafiri wa mjini hatakiwi kuviogopa vijiji kwa sababu ya matukio hayo. Anachopaswa kufanya ni kile ambacho desturi ya nchi imekitaka siku zote: kujitambulisha kwa mwenyekiti wa kijiji au ofisa mtendaji, kueleza shughuli yake mchana kweupe, na kuwa na mwenyeji anayejulikana. Taasisi zinazotuma watumishi wake vijijini na barua ya wilaya pekee, bila kijiji kuarifiwa, zinahatarisha maisha yao.

Adui asiyetangazwa

Hatari nyingine haina bunduki wala usukani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 23 ya watoto wa chini ya miaka mitano waliopimwa mkoani Tabora walikuwa na malaria, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote, wakati wastani wa kitaifa ulikuwa asilimia 8. Mkoa huo ulikuwa na wakazi 3,391,679 katika Sensa ya mwaka 2022. Hata Burton na Speke, waliofika Tabora Novemba 1857, waliendelea na safari ya Ziwa Tanganyika mmoja akibebwa kwa machela kwa ugonjwa na mwingine akiwa karibu kupofuka.

Mkazi wa Dar es Salaam anayehamia Tabora kikazi atauliza juu ya vibaka kabla ya kuuliza juu ya chandarua. Angepaswa kugeuza mpangilio huo. Kipimo cha haraka cha malaria hutoa majibu kwa takriban dakika 15, na homa haipaswi kusubiri hadi kesho. Anayeingia katika misitu ya Ugalla akumbuke pia mbung'o wanaoeneza malale, ambao huvutiwa na nguo nyeusi na za buluu.

Kwa ujumla, njia ya Tabora inapitika kwa usalama kuliko wakati wowote katika historia yake, lakini usalama huo haujitegemei. Lami bila usimamizi wa mwendo, kifaa cha kufuatilia gari bila mtu wa kusoma taarifa zake, na kizuizi cha polisi kinachofunguliwa kwa noti vitamwacha abiria katika bahati yake. Abiria naye ana haki ya kuuliza, kabla basi halijaondoka, dereva wa pili yuko wapi. Akikosa jibu, ni heri asubiri basi jingine.