Mgagani Si Mboga ya Njaa

Mgagani ni mmea wenye majani ambayo kila moja kwa kawaida lina vijani vitano vilivyotawanyika kama vidole vya kiganja, maua meupe, na harufu kali inayokaribiana na ya haradali. Huota bila kupandwa popote penye samadi: pembezoni mwa zizi, jalalani, kwenye shamba lililopaliliwa likaachwa. Buseresere, mji wa wilaya ya Chato mkoani Geita uliogusana na mji wa Katoro kiasi kwamba mgeni hajui amevuka saa ngapi, mgagani huuzwa sokoni kwa mafungu pamoja na mchicha, mnafu, majani ya maboga na majani ya kunde. Kwa kauli ya wengi, mboga zote hizo zina cheo kimoja: ni za mtu aliyeishiwa. Mchimbaji wa dhahabu aliyepata mawe mazuri kwenye duara, yaani shimo lake, hula nyama. Majani ni ya kusubiria.

Dharau hii imejificha hata kwenye lugha. Kwa Kiswahili, mboga ni chochote kinachoteremshia ugali, iwe nyama, sato au dagaa. Jani limebidi lipewe jina refu, mboga za majani, kama mtoto wa kambo anayetajwa kwa jina la mama yake. Mwenye uwezo huitwa mtu wa mboga saba, na hakuna anayedhani kwamba kati ya hizo saba tano ni za majani. Kenya wamekwenda mbali zaidi: wana mboga ambayo jina lake lenyewe, sukuma wiki, ni tangazo la ukata.

Chanzo cha imani hii ni kalenda. Mvua za vuli zinapoanza, Oktoba kuelekea Desemba, mgagani na mlenda huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuchipua, wiki nyingi kabla hindi halijakomaa. Ndiyo miezi ambayo kihenge kimebaki na vumbi. Vizazi na vizazi Usukumani vimeonja majani na njaa kwa wakati mmoja, mwishowe jani likabebeshwa kosa la kihenge. Ni kama kumshuku jirani anayeonekana kila nyumba inapoungua, kumbe yeye ndiye aliyeshika ndoo. Anayebisha aitazame nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa. Huliwa kiangazi, mavuno yakiwa yameshaingia ndani. Mboga ya njaa isingewekewa akiba kwa ajili ya miezi ya shibe.

Hoja ya wachimbaji ni nzito zaidi: anayepandisha kifusi kutoka shimoni anahitaji nguvu, na majani hayana nguvu. Nusu ya hoja ni kweli. Mchicha ni maji kwa karibu asilimia 90, na hakuna aliyewahi kushiba mchicha mtupu. Lakini sehemu kubwa ya nguvu ya kupandisha kifusi inatoka kwenye ugali na mafuta, wala nyama haichangii kwa kiasi kinachodhaniwa. Majani yana kazi nyingine: folati na madini chuma kwa ajili ya damu, vitamini A kwa ajili ya macho, na vitamini C, ambayo nyama iliyopikwa karibu haina kabisa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Sahani ya mamalishe wa machimboni hubeba mlima wa ugali, nyama au maharage, na pembeni kijiko cha mchicha ambacho hakihesabiwi hata kwenye bei.

Kinachodharauliwa hupikwa kwa dharau, kisha ladha yake mbaya hutolewa kama ushahidi. Mgagani uliochemshwa haraka na kutiwa chumvi ni mchungu, hilo halina ubishi. Anayeuheshimu huuchuma ukiwa mchanga, wiki nne hadi sita baada ya kusia, na hukata vikonyo vya maua ili mche uendelee kutoa majani. Huuchemsha, humwaga maji ya kwanza, kisha huurudisha jikoni na maziwa au karanga zilizosagwa, moto ukiwa mdogo, hadi rojo lishikamane na majani. Uchungu unaobaki ni ule ule unaotafutwa kwenye kahawa. Mafuta ya karanga, zaidi ya ladha, huusaidia mwili kufyonza vitamini A.

Hukumu hii imeshapinduliwa kwingine. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha JKUAT, Kenya, alikulia kwenye mboga za majani kwa sababu mwili wake ulikataa protini za wanyama. Baadaye akazifanyia utafiti mboga ambazo wataalamu wengi waliziita magugu. Leo managu, ambayo ndiyo mnafu, na saga, ambayo ndiyo mgagani, zinauzwa kwenye supamaketi za Nairobi.

Tunda nalo limepewa kifungo chake: ni la mgonjwa. Anayeonekana na mfuko wa machungwa huulizwa nani amelazwa. Haya yanasemwa Geita, mkoa wa mananasi! Mche wa nanasi hukaa shambani mwaka mmoja na nusu, pengine zaidi, ili utoe tunda moja. Likishakatwa haliongezi utamu, kwa hiyo anayeliweka dirishani liive anasubiri lioze. Linunuliwe likiwa linanukia kwenye kitako, na liliwe na wazima.

Kuhusu majani iko hofu moja yenye msingi, nayo ndiyo isiyosikika. Wachimbaji wadogo hunasa dhahabu kwa zebaki, kisha huchoma mchanganyiko huo. Mvuke wa zebaki hutua kwenye udongo na majani, na marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa, yanayosombwa na mvua huteremkia mabondeni, kwenye maji ya kumwagilia bustani. Rwamgasa, mkoani Geita, ilikuwa moja ya maeneo ya mradi wa kimataifa wa zebaki wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, miaka ya 2000. Kuosha huondoa vumbi. Zebaki iliyokwisha kuingia ndani ya jani haitoki kwa maji. Mnunuzi anayeinamia fungu la mchicha huuliza bei, na kama umechumwa leo. Umechumwa bonde gani, haulizi.