Wazee wa vita wa Kasese wapewe haki, wasiachiwe panga

Katika vijiji vya Bwera na Mpondwe wapo wazee waliowahi kushika bunduki. Kuna waliokuwa milimani na Rwenzururu, harakati iliyoanza mwaka 1962 na wapiganaji wake wakashuka mwaka 1982. Kuna walioingia jeshi la NRA lilipofika magharibi mwa Uganda katika miaka ya 1980. Leo ni mababu. Wanapalilia kahawa, wanapeleka maharage sokoni, na magoti yanawauma. Lakini tangu Juni 2023 si ajabu kumkuta mzee wa namna hiyo barazani akisema kwamba angekuwa na nguvu za zamani, angewafuata wauaji mwenyewe hadi walipo.

Ana sababu. Usiku wa Juni 16, 2023, waasi wa ADF waliingia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, kilomita zisizozidi mbili kutoka mpaka wa Kongo. Wavulana walichomwa moto bwenini, wasichana wakakatwa kwa mapanga. Watu 42 waliuawa, 37 kati yao wanafunzi. Miili mingine iliungua hata ikabidi itambuliwe kwa vipimo vya vinasaba. Wanafunzi wengine walitekwa nyara.

Na haikuwa mara ya kwanza. ADF walishambulia Mpondwe Novemba 1996. Juni 1998 waliua wanafunzi 80 wa chuo cha ufundi cha Kichwamba, karibu na Fort Portal. Aliyekuwa na miaka 45 walipoingia Mpondwe mara ya kwanza sasa amepita 70, na adui ni yuleyule. Asiyeielewa hasira hiyo asijaribu kumshauri mzee.

Hata hivyo kuna swali ambalo kila anayevuka daraja la Mpondwe na mzigo wake anapaswa kuliuliza: kisasi hicho kitampata nani?

ADF hawakai sokoni Kasindi wakimngoja mtu. Wanaishi misituni na wanahamahama. Mzee akinyanyua panga na vijana wakamfuata, watakaokutwa kwanza ni mchuuzi wa mafuta ya mawese, mwendesha bodaboda aliyetoka Beni, na mama mwenye magunia ya kakao. Kosa lao litakuwa lafudhi na kitambulisho. Tena wengi wao ni ndugu. Mkonzo wa Bwera na Mnande wa Kasindi wanaelewana kwa lugha na wameoleana tangu kabla ya mpaka kuchorwa. Nao wamezika watu wao kwa mkono wa muuaji huyohuyo: Januari 2023 bomu lililipuka kanisani Kasindi na kuua waumini zaidi ya 10.

Milima ya Rwenzori imeshaonyesha kisasi kinavyokwenda. Julai 5, 2014, makundi yenye mapanga na mikuki yalishambulia vituo vya polisi na kambi za jeshi katika Kasese, Bundibugyo na Ntoroko. Bundibugyo ikafuata zamu ya kulipiza. Watu waliuawa kwa sababu ya kabila lao, na wengine wakafukiwa katika makaburi ya pamoja. Hasira ilikuwa kama mto Nyamwamba uliofurika mwaka 2013 na tena mwaka 2020: haikuuliza nyumba ni ya nani.

Wafanyabiashara wanaujua msemo wa hasira hasara kuliko mtu yeyote. Mnunuzi wa Butembo akisikia kwamba Wakongo wanapigwa Mpondwe, hatakuja. Chumvi ya Katwe itakaa, saruji ya Hima itakaa, lakini marejesho ya mkopo hayakai.

Pamoja na hayo, kumwambia mzee aache kisasi bila kumpa kitu kingine ni kumdharau. Watu husema kisasi ni haki, na usemi huo hupata nguvu pale haki yenyewe isipoonekana. Jamil Mukulu, aliyekuwa kiongozi wa ADF, alikamatwa Tanzania mwaka 2015 na kurejeshwa Uganda mwaka huohuo. Miaka ikapita kesi ikiburuzwa. Thomas Kwoyelo, kamanda wa LRA, alikamatwa mwaka 2009 na kuhukumiwa kifungo cha miaka 40 mwezi Oktoba 2024. Baadaye mahakama iliagiza serikali iwalipe fidia waathirika. Kwa hiyo mahakama ya Uganda inaweza. Tatizo ni miaka 15. Mzee wa miaka 70 hana miaka 15 ya kusubiri.

Wapo watakaosema kwamba jeshi limeshalipiza. Ni kweli kwamba tangu Novemba 30, 2021, majeshi ya Uganda na Kongo yanawawinda ADF kwa pamoja katika Operesheni Shujaa, na kazi hiyo ni yao, si ya babu mwenye panga. Lakini bomu linaloanguka msituni halimwambii mzazi nani alifunga mlango wa bweni, nani aliwaonyesha njia, nani aliwapa chakula. Hayo hutoka mahakamani, mashahidi wakisikilizwa.

Watu wa Kasese pia hawajasahau Novemba 2016, walipouawa zaidi ya watu 100 katika siku mbili za mapambano na uvamizi wa ikulu ya Omusinga wa Rwenzururu. Serikali inayomtaka mzee aweke panga chini inapaswa kuonyesha kwamba sheria inamfikia kila muuaji, awe na sare au asiwe nayo.

Yapo mambo matatu yasiyohitaji kungoja. Kwanza, familia za Lhubiriha zielezwe kwa ratiba inayojulikana uchunguzi na mashtaka yamefika wapi. Ukimya ndio unaonoa panga. Pili, fidia isingoje hukumu ya mwisho. Mzazi aliyefiwa ana watoto wengine wanaodaiwa ada.

Tatu, wazee hawa watumike. Wanazijua njia za mlimani na vivuko vya mto Lhubiriha kuliko askari aliyehamishiwa huko mwezi jana. Waketi pamoja na wenyeviti wa LC1 kwenye kamati za usalama, na wanachokiona kifike kwa polisi na jeshi. Wawe macho ya mpaka. Kukamata na kuadhibu kubaki kwa wenye mamlaka.

Hapo wafanyabiashara nao wana kazi. Baada ya shambulio la Lhubiriha, jeshi lilisema wauaji walikuwa wamefika eneo hilo siku mbili kabla. Katika siku mbili mtu hula, hulala na hupanda pikipiki. Mwenye nyumba ya wageni, mwenye ghala la unga na mwendesha bodaboda huona mambo ambayo hayafiki kituoni. Vyama vya wafanyabiashara vya Mpondwe na Kasindi vinaweza kuwa na namba za simu za kupashana habari hizo mapema, kama wanavyopashana bei ya kakao.

Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022, na barabara ya kilomita 80 kutoka Kasindi hadi Beni ni miongoni mwa zile ambazo Uganda ilikubali kusaidia kujenga. Barabara hiyo itafaa ikiwa watu wanaoitumia hawaogopani. Wafanyabiashara wamezoea kuandamana na kuandika barua ushuru unapopanda. Waandike pia kuhusu kesi hizi, kwa Kampala na Kinshasa, wakiwa pamoja kutoka pande zote mbili za mto. Mzee wa Bwera akiitwa kutoa ushahidi angali hai, panga lake litarudi shambani kwenye kahawa.