Macho mekundu Fizi na Baraka: tuache kununua dawa kwa kubahatisha

Mtoto anaamka macho yamegandana kwa matongotongo. Mama anatuma mkubwa wake farmasi ya mtaa: "Uniletee dawa ya macho." Kichupa kinafika, matone yanatiwa. Hakuna aliyelitazama jicho.

Macho mekundu si ugonjwa mmoja. Kuna yale ya virusi, ambayo wazee wanayaita Apollo, kwa kuwa mlipuko ulioanzia Ghana mwaka 1969 uliangukia mwaka wa safari ya mwezini. Januari 2024 macho mekundu ya virusi yalienea Tanzania, ng'ambo ya ziwa letu. Hayo hayana dawa ya kuyaua. Hupona yenyewe kwa wiki moja au mbili, ukinawa mikono kwa sabuni na kila mtu akiwa na kitambaa chake. Yakitoa usaha mzito wa njano, mara nyingi ni bakteria, na mafuta ya tetrasiklini husaidia. Yakiwasha sana, huenda ni vumbi tu, na vumbi la kiangazi Baraka tunalijua.

Hatari kubwa ni matone yenye deksamethasoni. Yanapendwa kwa sababu wekundu unaisha haraka. Lakini kama kuna kidonda kwenye kioo cha jicho, dawa hiyo inakiacha kiendelee kula chini kwa chini. Ikitumiwa muda mrefu, inaweza kupandisha presha ya jicho na kuua mshipa wa kuona, bila maumivu yoyote. Kuuza dawa hiyo bila karatasi ya daktari ni kosa, na wakaguzi wa afya wasifumbe macho. Maji ya majani na mkojo navyo vinaingiza vijidudu vipya.

Jicho likiuma, likichukia mwanga, likiona ukungu au likiwa na doa jeupe, usingoje kesho. Nenda hospitali.

Mtoto mchanga ndiye asiyeweza kungoja kabisa. Kisonono cha mama kinaweza kutoboa jicho lake ndani ya siku chache. Usaha ukionekana wiki ya kwanza, anahitaji sindano, siyo matone ya dukani. Kinga yake ni mafuta ya tetrasiklini ya asilimia 1, yanayopakwa mara tu anapozaliwa. Ni dawa ya bei ndogo. Tunawauliza wakuu wa afya wa Fizi: je, ipo leo katika kila chumba cha kuzalia, hata vijiji vya milimani?