Pikipiki ya Kazini na ya Msimbati: Usichague kwa Macho Tu!

Wiki hii tunaacha habari za viatu na kucha, tunaingia gereji. Akina dada msifungue ukurasa mwingine, mada hii ni yenu pia. Siku hizi mtu akipita Ligula kashika usukani mwenyewe, suruali yake safi na kofia ngumu kichwani, hakuna anayeuliza dereva ni kaka au dada. Watu wanauliza chuma ni cha aina gani.

Wote tunaujua msimu wenyewe. Minada ya korosho ikishaanza, mshiko unashuka kutoka Tandahimba na Newala. Kijana aliyewasaidia wazazi shambani anagawiwa chake. Mwenzake wa mjini amepata ajira ya kwanza na amekaa miezi minane akila wali maharage ili aweke akiba. Ukiwakuta kijiweni Chikongola wote wawili wana swali moja: nichukue pikipiki gani, ya kunipeleka kazini Jumatatu na kunipeleka Msimbati Jumapili?

Swali ni zuri, tatizo ni majibu ya kijiweni. Huyu atakwambia chukua kubwa uogopwe. Yule ana binamu yake Dar anauza moja "haijatumika kabisa". Siku mbili baadaye akiba ya mwaka mzima imegeuka chuma kimeegeshwa chini ya mwembe, kinasubiri spea ambayo haipatikani hata Kariakoo. Hapo nauli ya kwenda kazini unakopa kwa shemeji. Hiyo ndiyo kasheshe tunayotaka kuikwepa leo.

ANZA NA HESABU

Mtwara ni mji wa ajabu kidogo. Ulichorwa na Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, wakati wa ule mradi wa karanga. Walitegemea bandari kubwa, reli ya kwenda Nachingwea na watu kibao. Mradi ukafa mwaka 1951, bandari ikamalizika 1954, na reli yenyewe haikudumu. Lakini mji ulikuwa umeshapimwa kwa mapana yake, ndiyo maana kutoka Shangani mpaka sokoni, au kutoka Chuno mpaka Naliendele, si mwendo wa kandambili.

Sasa tupige hesabu. Tuseme unakaa Shangani na kazi yako iko Naliendele, kilometa kama 10. Kwenda na kurudi ni 20. Kwa siku sita za wiki ni 120, na kwa wiki nne ni 480. Hizo ni za lazima, mvua inyeshe jua liwake. Jumapili moja ya mwezi unakwenda Msimbati, kilometa kama 45 kwenda na nyingine 45 kurudi, jumla 90. Kwa hiyo katika kilometa 570 za mwezi, 480 ni za kazi na 90 ni za raha. Na katika hizo 90, zile za kuhangaika na mchanga hasa ni chache.

Hesabu hiyo ndiyo mshauri wako wa kwanza. Watu wengi wananunua pikipiki kwa ajili ya zile kilometa chache za mchanga, halafu wanateseka nayo kwenye 480 za kazi.

WACHUMBA WENYEWE

Kundi la kwanza ni Wahindi: Bajaj Boxer na TVS Star HLX. Hao unawafahamu, ndio wanaobeba nusu ya mji. Zipo za cc 100, 125 na 150. Utasikia bishoo mmoja anasema, "Aa, hiyo si ya bodaboda?" Mjibu ndiyo, na ndiyo sababu ya kuinunua. Bodaboda haringi, anakula kwa pikipiki yake. Kitu kinachopigwa mzigo kutwa nzima na kesho kikaamka, kimeshapita mtihani ambao wewe na mkoba wako wa ofisi hamwezi kukipa. Spea zipo kila duka, fundi wa Majengo anaifungua huku anapiga soga, na siku ukitaka kuiuza hukosi mteja. Ukiendesha kistaarabu, lita moja ya petroli inakusogeza kilometa 40 na zaidi. Zile 570 zetu zinakula kama lita 14 kwa mwezi.

Kundi la pili ni Wachina: SanLG, Fekon na ndugu zao. Bei yao inavutia. Watu wanawacheka, lakini ukifungua injini nyingi za Kichina utamkuta babu mmoja humo ndani, naye ni Mjapani. Mwaka 1976 Honda walitoa CG125 kwa ajili ya nchi kama zetu. Wahandisi wao walikuwa wamezunguka wakaona tunavyobebesha pikipiki magunia na kusahau kubadili oili, basi wakaunda injini ya kuvumilia hayo. Valvu zake zinasukumwa na fito badala ya kutegemea cheni ya ndani. Ni injini ya kizamani, ngumu, rahisi kutengeneza, na Wachina wakainakili. Kwa hiyo moyo wa Mchina si mbaya. Mashaka yapo kwenye vitu vinavyouzunguka: nyaya, skrubu, shokapu, rangi. Na hewa ya chumvi ya Mtwara inavipenda sana vitu hivyo.

Kundi la tatu ni Wajapani wa vumbi: Honda XL, Yamaha DT, Yamaha AG. Hizi nyingi utazipata zimetumika, baadhi zilikuwa za miradi na mashirika. DT ina sauti ya kumgeuza mtu shingo, lakini ni injini ya mapigo mawili, oili inaungua pamoja na petroli, na mfuko wako unaungua nayo. XL imetulia zaidi. AG200 haina sura ya kuuza, ila ina akili. Iliundwa kwa ajili ya wakulima, ina keria mbele na nyuma, stendi pande zote mbili, na cheni imefunikwa kabisa. Kwa mtu wa pwani, cheni isiyoonja mchanga wala chumvi ni baraka. Kasoro ya kundi hili ni mbili: spea za kusubiri, na siti iliyo juu. Ukiwa mfupi na pikipiki ikazama mchangani, mguu usiofika chini ndio mwanzo wa kuanguka.

Kundi la nne, zile za mashindano za cc 600 na kuendelea, tuzipigie makofi zikipita halafu turudi kwenye mada. Ndani ya mji mwisho ni kilometa 50 kwa saa. Utaikimbiza wapi?

KWA HIYO TUCHUKUE IPI?

Kwa wengi wenu, jibu langu ni Mhindi wa cc 125 au 150, mpya au iliyotunzwa. Ukiwa peke yako na safari zako ni za mjini, 125 inatosha na inabaki chenji. Ukiwa na mtu nyuma mara kwa mara, au unapanga kuipandisha uwanda wa Makonde kwenda Newala, chukua 150. Mlima, watu wawili na begi, cc 100 italia mpaka umwonee huruma.

Angalia na leseni. Daraja A1 ni ya pikipiki isiyozidi cc 125. Ukivuka hapo unatakiwa uwe na daraja A. Usije ukanunua 150 halafu ukawa unakwepa trafiki kwa njia za uani kama mwizi wa kuku.

Kama kazi yenyewe inakupeleka vijijini kila siku, wewe ni bwana shamba, muuguzi wa kliniki za vijijini au mtu wa mradi, hapo hesabu inageuka. Tafuta AG au XL nzima, na tenga kabisa fedha za spea kabla hujalipia.

Na raha je? Msomaji wangu, raha ya pikipiki haiko kwenye cc. Raha ni kujua kwamba ukisema Jumamosi usiku "kesho tunaondoka saa kumi na mbili", saa kumi na mbili itawaka. Chenji uliyookoa inunulie tairi la nyuma lenye meno ya wastani, keria imara, na kofia ngumu mbili. Narudia, mbili. Yule unayempakia nyuma naye ana kichwa, na mama yake anamngoja nyumbani.

MCHANGA NA CHUMVI

Msimbati inasifika kwa ufukwe ambao hata magari yanapita. Sawa, lakini mchanga mkavu wa njiani haujali sifa. Punguza upepo kidogo kwenye matairi, kaa nyuma kwenye siti, shika usukani kwa ulaini, na usikate mwendo ghafla. Breki ya mbele isahau kwa muda. Ukirudi kwenye lami jaza upepo tena kabla ya kukimbia.

Ukifika, kumbuka upo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Lipa kiingilio, usilete ubishi getini. Ufukwe huo ni wodi ya uzazi ya kasa, wanataga mayai mchangani, kwa hiyo mambo ya kushindana ufukweni usiku ni ushamba, hata kama pikipiki yako ni ya kisasa. Egesha, tembea, ogelea, kula samaki.

Jioni hiyohiyo ukirudi nyumbani, osha pikipiki kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Usiseme kesho. Kausha, paka cheni oili, pangusa ringi na spoku. Chumvi haina haraka, inakula polepole, na siku utakayoiona kutu ujue ilishaingia zamani.

SAFARI ZA KUANZIA

Ya kwanza kabisa ni Mikindani, kilometa kama 10 tu. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 lipo pale, na ni hapo Livingstone alipoanzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Ukirudi bila pancha, jaribu Lindi, kilometa zaidi ya 100 za lami. Halafu Masasi, kama 200, ukasalimiane na yale majabali. Dar ni zaidi ya 550, na tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe kule Rufiji mwaka 2003 hakuna tena kungoja pantoni. Kwa Boxer inawezekana, lakini igawe siku mbili, pumzika kila baada ya saa moja, na usiendeshe usiku. Malori hayaoni kitaa chako kimoja.

Upande wa Mto Ruvuma, kuelekea Kilambo na vijiji vya mpakani, uende kwa adabu. Tangu 2017 kuna vita Cabo Delgado ng'ambo ya mto, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya upande wetu kilivamiwa na watu wakauawa. Kabla ya kwenda uliza hali ilivyo kwa wenyeji na viongozi wa kijiji, tembea mchana, beba kitambulisho. Na mtoni usijifanye mwamba wa kuogelea, mamba na viboko hawasomi gazeti hili.

UKINUNUA ILIYOTUMIKA

Nenda na fundi wako, siyo fundi wa muuzaji. Iwashe ikiwa ya baridi, ukikuta imeshapashwa moto jua kuna jambo linafichwa. Kwa injini ya mapigo manne, moshi wa bluu maana yake inakula oili. Tazama kama shokapu za mbele zinavuja. Cheza na cheni, angalia meno ya sproketi, yakiwa yamechongoka kama ya papa andaa fedha. Linganisha namba ya injini na ya chesisi na zile za kwenye kadi, moja baada ya nyingine. Kisha mfanye uhamisho wa umiliki TRA kwa jina lako. Hii ya "kadi nitakutumia" imewaliza wengi, maana pikipiki ikiwa na soo la zamani, polisi watamkuta aliyekaa juu yake, na huyo ni wewe.

Jambo la mwisho. Siku ya kwanza ukiwa na chuma kipya utataka mji mzima ukuone. Ni haki yako, umefunga mkanda miezi minane. Ila mji utakuona vizuri zaidi mwaka kesho, ukiwa bado unaendesha, miguu yote miwili mizima, na deni hakuna.

Wiki ijayo panapo majaliwa tutazungumzia namna ya kumkatalia rafiki anayeazima pikipiki kila Ijumaa bila urafiki kuvunjika. Hiyo nayo ni noma. Mpaka hapo, vaa kofia, mvishe na wa nyuma, na poa!