*TUSIKUBALI LUMBESA YA BARABARANI*



Wiki hizi kwenye kundi letu tumebishana sana juu ya hoja ya kuongeza uzito unaoruhusiwa kwa malori makubwa. Wako wanaosema kikomo cha tani 56 kinawabana wasafirishaji na kupandisha bei ya kila kitu. Wako wanaosema tukiongeza hata kilo moja, barabara imekwisha. Kwa kuwa jambo hili ni ajenda ya kikao cha Jumamosi na maoni yetu yatapelekwa kata, naweka hapa msimamo wa ofisi ya Katibu kwa maandishi, ili kila mmoja ausome kwa nafasi yake na aje na hoja.

Msimamo kwa kifupi: *uzito kwa kila ekseli usiongezwe. Anayetaka kubeba zaidi aongeze ekseli, na apite njia ambazo madaraja yake yamekaguliwa.*

*1. Sheria inasemaje*

Tunaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo nchi yetu ilianza kuitekeleza Machi 2019. Mizani hupima vitu viwili: jumla ya gari na mzigo wake, na uzito unaokaa kwenye kila ekseli au kundi la ekseli. Ekseli ya usukani mwisho tani 8. Ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne, tani 10. Ekseli mbili za pamoja, tani 18. Tatu za pamoja, tani 24. Jumla ya gari zima haivuki tani 56.

Kwa hiyo tani 56 si haki ya kila lori. Semi ya kawaida yenye ekseli 6 ina 8 mbele, 18 katikati na 24 kwenye tela, jumla tani 50. Ili ufike 56 unahitaji ekseli 7. Nasisitiza hili kwa sababu wengi kwenye mjadala wetu wanataja jumla na kusahau ekseli, wakati lami inaumizwa na ekseli.

Mvutano huu si mpya. Oktoba 2013 Wizara ya Ujenzi, wakati huo chini ya Waziri John Magufuli, iliondoa msamaha wa asilimia 5 kwa magari yaliyozidisha uzito. Wenye malori wakagoma, mizigo ikakwama, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akasitisha uamuzi ule. Tusingoje mgomo mwingine ndipo tuanze kufikiri.

*2. Hesabu ya lami*

Kati ya mwaka 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, Marekani, wahandisi walizungusha malori ya uzito tofauti kwenye barabara za majaribio, wakapima jinsi lami inavyochakaa. Kutokana na kazi hiyo ikapatikana kanuni ambayo wahandisi wa barabara wanaitumia mpaka leo: uharibifu hupanda kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ukizidisha uzito wa ekseli mara 2, uharibifu hauzidi mara 2, unazidi mara 16. Ukiongeza asilimia 10 tu, uharibifu wa kila safari unaongezeka kwa asilimia 46. Chukua kikokotoo cha simu: 1.1 mara 1.1 mara 1.1 mara 1.1.

Mwanachama mmoja aliuliza swali zuri: lori likibeba zaidi, si safari zitapungua, kwa hiyo barabara inapumzika? Nimekaa na hesabu hiyo. Tuchukulie gari la ekseli 7 lenye uzito wa tani 20 likiwa tupu, na uzito umegawanyika sawa kwenye ekseli zote.

*Leo:* jumla tani 56, mzigo tani 36. Kuhamisha tani 36,000 ni safari 1,000. Tuite uharibifu wake pointi 1,000.

*Tukiongeza asilimia 10 kwenye gari lilelile:* jumla tani 61.6, mzigo tani 41.6. Safari zinashuka hadi 866. Lakini kila safari inaumiza kwa 1.46. Uharibifu unafika pointi 1,268.

*Tukiongeza ekseli ya 8 kwa tani 8 zilezile kila ekseli:* jumla tani 64. Gari tupu tuseme tani 22, mzigo tani 42. Safari 857. Uharibifu pointi 980.

Soma tena hizo tatu. Njia ya pili na ya tatu zinabeba karibu mzigo uleule. Ya pili inaongeza uharibifu kwa asilimia 27, ya tatu inaupunguza kidogo. Barabara iliyosanifiwa kudumu miaka 20 chini ya malori hayo, kwa njia ya pili itakuwa imechoka kabla haijafikisha miaka 16. Ndiyo maana nasema tubishane juu ya ekseli kabla ya kubishana juu ya jumla.

*3. Nani analipa*

Sisi watu wa viazi tunaijua lumbesa. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu linashonewa kilemba juu, na mnunuzi analipa bei ya gunia moja. Kile kilemba kimetoka jasho la mkulima bure. Tumepigania miaka gunia lisizidi kilo 100, na tumefanya vizuri.

Kuongeza uzito wa ekseli ni lumbesa ya barabarani. Faida ya tani za juu anaipata mwenye gari na mwenye mzigo. Gharama ya lami iliyobonyea inakwenda Mfuko wa Barabara, na mfuko huo unajazwa na tozo ya mafuta. Analipa kijana wa bodaboda kila anapoweka lita moja. Analipa mama anayesafirisha nyanya kwa Noah. Tukumbuke bajeti ya mwaka 2021/22 ilituongezea shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara za vijijini. Tulikubali kwa sababu tulizitaka hizo barabara.

Ni kweli lori nalo linalipa tozo kwenye dizeli yake. Lakini lori lililozidishiwa asilimia 10 halichomi dizeli zaidi kwa asilimia 46. Tozo haifuati uharibifu, na pengo hilo tunalijaza sisi.

Kuna jambo lingine la karibu zaidi. Magari yanayopita barabara kuu ndiyo yanayoshuka vijijini kupakia mbao na viazi. Barabara nyingi za TARURA zina bango la tani 10. Mwenye gari akinunua gari zito zaidi kwa sababu sheria ya barabara kuu imelegea, haliachi nje ya kijiji. Masika yakifika, anayebaki kwenye tope ni mkulima na mama mjamzito anayewahi kituo cha afya.

*4. Wenzetu wa malori*

Makambako ni njia panda. Kati yetu wako madereva, matingo, mafundi wa tairi, mama lishe na wenye nyumba za wageni. Hakuna anayetaka malori yapungue, na mwenye lori si adui yetu. Gharama zake ni za kweli: mkopo wa benki, vipuri, tairi, na muda unaopotea kwenye foleni za mizani.

Lakini uzito ukizidi, wa kwanza kuumia ni dereva. Gari zito linachukua umbali mrefu zaidi kusimama, na mnaopita Kitonga na mteremko wa Iwambi mnajua breki zinavyochemka pale. Dereva hapangi mzigo bandarini, lakini lori likikamatwa yeye ndiye anayelala porini akisubiri bosi apokee simu.

Tuangalie na mpaka. Kikomo cha tani 56 kinatumika pia kwa wenzetu wa SADC na COMESA. Tukilegeza peke yetu, lori litapita hapa vizuri, likivuka Tunduma kuingia Nakonde linakuta mizani ya Zambia inasoma ileile 56. Na kwa kuwa hii ni sheria ya Jumuiya, bunge letu peke yake haliwezi kuibadilisha. Anayewaahidi jambo la haraka anawapumbaza.

*5. Wengine walifanyaje*

Finland mwaka 2013 ilipandisha kikomo kutoka tani 60 hadi 76. Wanaotaka uzito uongezwe hupenda kutaja mfano huo, na ni halali. Wautaje wote: tani 76 ni kwa gari la ekseli 9, yaani wastani wa tani 8.4 kwa ekseli. Na madaraja kadhaa ya zamani yakalazimika kuwekewa mabango ya kikomo, kwa sababu daraja, tofauti na lami, linabeba jumla ya gari lililo juu yake. Kwa hiyo hata njia yangu ya tatu pale juu si ruhusa ya bure. Lami inaweza kuimudu na daraja likakataa.

Pia tuna TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na inapita hapahapa kwetu. Shaba na mbolea ni mizigo ya reli. Kila tani inayopanda behewa ni tani isiyokanyaga lami.

*6. Mapendekezo ya kikao*

Naomba tujadili haya manne, tuyaboreshe au tuyakatae kwa hoja:

1. Tupinge ongezeko lolote la uzito kwa ekseli.
2. Tukubali mjadala wa jumla kubwa zaidi kwa magari yenye ekseli zaidi, kwenye njia maalumu, baada ya madaraja kukaguliwa na ripoti kuwekwa wazi.
3. Tudai mizani zinazopima gari likiwa kwenye mwendo, kama ilivyo Vigwaza, ziongezwe. Foleni ikipungua, mwenye lori anapata safari zaidi kwa mwezi bila kuongeza kilo. Rushwa kwenye mizani nayo inapungua, maana inazaliwa kwenye foleni.
4. Tudai mwenye mzigo na mpakiaji wabebe lawama pamoja na mwenye gari, dereva asiachwe peke yake.

Mwenye hesabu tofauti na zangu aje nazo Jumamosi. Nitaziandika ubaoni, tuzikague pamoja. Ambacho hatutakubali ni kupitisha jambo hili kwa kelele, halafu miaka 10 ijayo watoto wetu waulize lami ilikwenda wapi.

Tafadhali wasomeeni wazee wasio na simu janja.

Katibu wa Tawi